Re: Kufuatilia mtazamo kwenye nyuso zinazosogea

Umeuliza kama unaweza kuacha kuchora maeneo ya macho, pua na mdomo kwa mkono kwenye kila fremu ya video, ili kujua mtazamaji anaangalia sehemu gani ya uso. Unaweza. Pitisha video kwenye OpenFace, programu inayotambua nyuso na viungo vyake. Kila fremu itakupa alama 68 za uso, na kutokana nazo utapata kitovu cha kila kiungo. Kisha kila nukta ya mtazamo (mahali jicho la mtazamaji lilipotua) ihesabiwe kwa kitovu kilicho karibu nayo zaidi. Weka kikomo cha umbali, kipanuke uso unapokaribia na kupungua unaporudi nyuma, la sivyo anayetazama ukuta atahesabiwa anatazama jicho. Hakikisha kwanza muda wa video na wa kifaa cha kufuatilia macho unaenda pamoja. Na tafadhali kagua baadhi ya fremu mwenyewe: mkono ukifunika mdomo, alama zinaweza kuhama.