Usianze na programu, anza na swali la saba

Kila anayeniuliza kuhusu shahada ya uzamili ya mbinu za utafiti, takwimu na upimaji huanza na swali moja: nijifunze programu gani kabla sijaenda? Hata mimi nilianzia hapo. Nilimaliza likizo nzima nikijifundisha R, programu ya kuchambua takwimu, nikaingia darasani nikijiona nimewatangulia wenzangu. Nilikuja kuangushwa na swali la saba la dodoso nililolitunga kwa mkono wangu.

Dodoso lilikuwa la kupima hofu ya hesabu. Maswali saba, kila moja na safu tano za majibu kuanzia "Sikubaliani kabisa" (alama 1) hadi "Nakubaliana kabisa" (alama 5), mtindo tuliorithi kwa mwanasaikolojia Rensis Likert tangu 1932. Tulikuwa tumefundishwa tusielekeze maswali yote upande mmoja, mtu asije akateremka na kalamu kwenye safu moja bila kusoma. Basi la saba nikaliandika kwa kukanusha: "Siogopi mtihani wa hesabu." Wakati wa uchambuzi nikageuza alama zake, 1 ikawa 5 na 5 ikawa 1, kama inavyotakiwa.

Alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha jinsi maswali ya dodoso yanavyokwenda pamoja (ikikaribia 1 ndivyo yanavyopatana), ikatoka 0.61. Swali la saba lilikuwa linakwenda kinyume na wenzake wote, na kompyuta ikanionyesha kwamba nikilitupa, alfa inapanda hadi 0.72. Nilikagua msimbo wangu siku tatu, nikaukuta safi. Siku ya nne nilikuwa tayari kulifuta swali hilo nisonge mbele, tena kwa furaha.

Msimamizi wangu hakuitazama hata hiyo kompyuta. Alinituma nikatafute watu watatu, nikae nao mmoja mmoja, kila mmoja asome swali kwa sauti na aseme kinachompitia kichwani kabla ya kuweka alama. Wa kwanza akasoma: "Siogopi mtihani wa hesabu." Akacheka. "Hapana, siogopi!" Na kalamu ikaenda moja kwa moja kwenye "Sikubaliani kabisa".

Hapo ndipo nilipoelewa. Hapana yake ilikuwa ya kuikana hofu, lakini kwenye dodoso langu ilihesabika kuwa anakana kutoogopa. Mtu asiyejali mtihani hata chembe nilikuwa nimempa alama 5 za hofu. Wa pili naye akasema "Ndiyo, siogopi", akaweka alama upande wa pili kabisa. Watu wawili wenye moyo mmoja, namba mbili zilizopishana. Hakuna aliyekosea Kiswahili. Mkosaji nilikuwa mimi niliyeliandika swali bila kulitamka hata mara moja.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kwa kweli ndio ninaoujali zaidi: kabla hujakusanya data za watu 300, kaa na watu watatu. Ni kazi ya mchana mmoja.

Pili, usiiabudu alfa. Tangu Lee Cronbach aandike makala yake ya 1951, imegeuka kuwa hati ya kusafiria: ukiwa na 0.70 unapita mpakani. Chukua karatasi ukokotoe mwenyewe. Maswali matano ambayo uwiano wake wa wastani, yaani kiasi ambacho majibu ya swali moja yanafuatana na ya jingine, ni 0.3 yanakupa alfa ya kama 0.68. Ongeza yafike 20, uwiano ukibaki ule ule 0.3, alfa inafika 0.90. Hakuna kilichoboreka ila urefu wa dodoso. Na ukirudia swali moja kwa maneno tofauti mara sita utapata alfa ya kupendeza sana, huku ukiwa umepima kitu chembamba kama uzi. Uthabiti, yaani maswali kupatana, ni jambo moja; uhalali wa kipimo, yaani kupima kweli ulichokusudia, ni jambo jingine, na huo wa pili hauna kitufe cha kubonyeza.

Hesabu? Ndiyo, utazihitaji. Jebra ya matriki hasa, yaani hesabu za majedwali ya namba. Ukiielewa, regresheni (kukadiria kitu kimoja kutokana na vingine) na uchambuzi wa vipengele (kukusanya maswali mengi katika mambo machache) vitaacha kuonekana kama mazingaombwe. Kalkulasi kidogo inatosha kuanzia. Programu utajifunza njiani, usikose usingizi kwa ajili yake, ila jizoeze kuzalisha data za bandia: tengeneza data ambazo ukweli wake unaujua, kisha uone kama mbinu yako inaugundua. Mimi nadharia ya sampuli ilikuwa inanipita pembeni mpaka nilipochota sampuli 1,000 kutoka kundi moja nikaona wastani zinavyotawanyika.

Katika kumchagua msimamizi, muulize ni lini mara ya mwisho alipolitupa swali lake mwenyewe, na kwa nini. Atakayekujibu kwa hadithi ndefu, kaa naye.

Swali la saba sikulifuta, nililiandika upya: "Tumbo hunisokota nikikaribia mtihani wa hesabu." Nikamrudia yule wa kwanza. Akasoma, akanitazama kana kwamba nimemsingizia. "Mimi? Thubutu!" Akaweka alama kwenye safu ya kwanza, mahali pake.