Chumba cha kuchomoza kinapokataa kusogea: ushauri kwa fundi anayeanza

Fundi anayeingia katika kazi ya magari-nyumba, yaani magari yenye makazi ndani yake, hukutana mapema na lalamiko moja: mwenye gari amebonyeza swichi ya chumba cha kuchomoza, yaani ile sehemu ya ukuta inayosukumwa nje gari likishaegeshwa ili kupanua nafasi ya ndani, na hakuna kilichosogea. Wengi hukimbilia mota. Hufungua mbao za ndani, hushuku gia, na wengine huagiza mota mpya kabla ya kupima chochote. Ninachotaka ukielewe tangu siku ya kwanza ni kwamba chumba kilichonyamaza kimya kabisa mara nyingi kimezuiwa tu, hakijaharibika, na kazi yako ni kujua ni sharti gani la usalama halijatimia.

Watengenezaji huweka masharti hayo kwa sababu nzito. Chumba kimoja, pamoja na sofa au jokofu lililofungwa ndani yake, kinaweza kuwa na uzito wa mamia ya kilo, na kikichomoza gari likiwa barabarani kitagonga chochote kilicho kando. Kwa hiyo magari mengi hudai breki ya mkono iwe imefungwa, na mengine huongeza kwamba gia iwe kwenye nafasi ya kuegesha. Swichi ya ufunguo nayo ina sharti lake, ambalo hutofautiana: gari moja hutaka ufunguo uwe umezimwa, na jingine hutaka uwe umewashwa au hata injini iwe inanguruma. Usibahatishe hapa. Soma kitabu cha gari hilohilo lililo mbele yako, kwa kuwa magari mawili yanayofanana kwa nje yanaweza kuwa na mifumo isiyofanana hata kidogo.

Kabla ya kugusa swichi yoyote, zunguka gari nje na ndani. Vizuizi vya usalama nilivyovitaja huchunguza breki, gia na ufunguo. Havimwoni mtoto aliyesimama nyuma ya sofa, wala mkono uliowekwa ukingoni mwa ukuta. Mtu mmoja abaki kwenye swichi, na mwingine awe mahali ambapo anaona njia yote ya chumba, nao wakubaliane neno moja la kusimamisha. Katika ukaguzi huohuo tazama kiti cha dereva, droo, mlango wa kabati na zulia lililokunjamana, kwa sababu kiti kilichorudishwa nyuma kupita kiasi kinatosha kuzuia chumba kizima kisirudi ndani.

Sasa sikiliza. Kimya kitupu kinaelekeza kwenye umeme usiofika au sharti lisilotimia. Mlio mfupi wa rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) usiofuatwa na mota unaonyesha kwamba ruhusa imetolewa, ila nguvu haifiki mwisho wa safari. Mota inayonguruma huku chumba kikibaki palepale ni suala la gia, pini iliyokatika, au breki ya mota (inayokishika chumba kisisogee) iliyoachwa wazi. Kutenganisha hali hizi tatu kutakuokolea saa nyingi, na mafundi wazoefu huifanya kazi hiyo kwa masikio kabla ya kutoa kipimo mkobani.

Anza na betri, hata kama taa zote za ndani zinawaka vizuri. Taa huhitaji umeme kidogo, ilhali mota ya chumba huvuta ampea nyingi kwa mara moja. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma takriban 12.6, lakini namba hiyo peke yake haisemi mengi. Weka multimita, yaani kipimo cha umeme, kwenye vichwa vya betri, mwenzako abonyeze swichi, kisha tazama namba inavyoshuka. Ikianguka hadi 9 au 10, kidhibiti cha kielektroniki kinaweza kusimamisha kazi na kuonyesha kosa lisilohusiana kabisa na betri. Ikibaki juu ya 12 kwenye betri lakini mota inapata 9, kuna upotevu njiani: kiungo kilicholegea, waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye betri kupitia chuma cha gari) uliopata kutu pale unapofungwa kwenye chesisi, au kikata umeme kilichochoka. Pima mzunguko ukiwa na mzigo kila mara, kwa kuwa waya uliobakiwa na nyuzi mbili tatu tu utaonyesha volti zote wakati hakuna kinachovutwa.

Umeme ukiwa mzima, ingia kwenye masharti. Swichi ya breki ya mkono ndiyo ninayoipa kipaumbele. Kwenye magari mengi ni kidude kidogo kilichofungwa karibu na kanyagio au mkono wa breki, chenye kitufe kinachoachiwa breki inapofungwa, na mara nyingi hufanya kazi kwa kuunganisha waya wake na ethi. Vumbi na unyevu hukifanya kitufe kigande, au bamba lake hupinda kidogo kiasi kwamba breki imefungwa lakini swichi haijajua. Tazama taa ya breki kwenye dashibodi. Ikikataa kuwaka ufunguo ukiwa umewashwa na breki ikiwa imefungwa, swichi au waya wake ndio unaoshukiwa kwanza. Ikiwaka huku chumba kikibaki kimya, fuata waya unaotoka hapo kwenda kwenye kidhibiti cha chumba. Huenda ulichepushwa kwa kiungo cha kubana, na ukikifungua utaona unga wa kijani juu ya shaba: hapo ndipo ruhusa ilipoishia. Kwenye magari yenye breki za upepo, kazi hiyo hufanywa na swichi ya mgandamizo, kwa hiyo usipoteze muda kutafuta kitufe.

Utashawishika kuruka kizuizi kwa kipande cha waya ili uone kama chumba kitasogea. Ninakuomba upime badala ya kuruka, kwa sababu multimita itakupa jibu lilelile bila hatari. Pale ambapo mchoro wa mtengenezaji wenyewe unaelekeza jaribio la namna hiyo, weka kabari kwenye magurudumu, funga kitambaa chekundu kwenye waya huo, na uutoe kabla hujaenda kunywa hata maji. Waya uliosahaulika hapo hugeuza gari zima kuwa hatari kwa watu ambao hawatajua kamwe kilichofanyika.

Mifumo yenye mota mbili, moja kila upande wa chumba, inahitaji subira ya ziada. Kidhibiti huhesabu mizunguko ya kila mota na kusimamisha zote upande mmoja ukichelewa, kisha taa yake ndogo humweka kwa idadi inayotajwa kwenye kitabu. Hesabu mimweko hiyo kabla ya kuzima umeme. Mfundishe pia mwenye gari asiachie swichi katikati ya safari bila sababu ya usalama, bali aishikilie hadi mota zisimame zenyewe, ili pande zote mbili zirudi sawa. Kwenye mifumo ya haidroliki, kiwango cha mafuta hukaguliwa vyumba vyote vikiwa ndani, vinginevyo tangi litafurika vitakaporudi. Usitafute uvujaji kwa kupapasa mpira kwa kidole, kwa maana mafuta yenye mgandamizo mkubwa hupenya ngozi; tumia kipande cha karatasi ngumu.

Ukilazimika kurudisha chumba kwa mkono, huenda ukahitaji kuachia breki ya mota au kufungua valvu. Irudishe hali hiyo kama ilivyokuwa mara tu chumba kinapofika ndani, kwa sababu chumba kisichoshikiliwa na breki kinaweza kutoka chenyewe kwenye kona.

Baada ya matengenezo, usiridhike kwamba chumba kimetoka na kurudi. Weka kabari kwenye magurudumu, kisha ondoa sharti moja baada ya jingine na ubonyeze swichi: kwanza breki ya mkono ikiwa imeachiwa, kisha ufunguo ukiwa katika nafasi isiyoruhusiwa, na gia pia ikiwa imo katika mfumo huo. Kila mara chumba kinapaswa kukataa. Kikisogea hata sentimita moja, gari halijawa tayari kukabidhiwa. Andika matokeo ya kila jaribio kwenye karatasi ya kazi, pamoja na volti ulizosoma chumba kikiwa kinasogea, ili fundi atakayelifungua gari hilo baadaye awe na namba za kulinganisha.