Maswali yenu: kero za vidonge vya TB

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu walio katikati ya dozi ya kifua kikuu, ile ya miezi sita: miwili ya vidonge vyenye dawa nne ndani, minne ya vyenye dawa mbili. Najibu nikiwa muuguzi, na nimekaa kwenye dirisha la kliniki ya TB kwa muda wa kutosha kujua kwamba wengi hamuulizi mpaka mmeshaacha dawa.

Siku ya pili tu ya dawa, mkojo umekuwa rangi ya karoti. Ni damu? (Bodaboda, Mwanza)

Si damu, ni rifampisini, mojawapo ya zile dawa nne za kwenye kidonge. Hupaka rangi mkojo, jasho, mate, hata machozi, kwa hiyo shati jeupe liweke kando, na anayevaa lenzi za macho arudi kwenye miwani kwa sasa. Mimi nikisikia malalamiko haya hufurahi kidogo: nimejua dawa imemezwa.

Kila asubuhi nikimeza natapika. Dada yangu anasema nigawanye, nusu asubuhi nusu jioni. (Mama wa watoto wawili, Tanga)

Usigawanye, mama. Dawa hizi zinatakiwa kuingia zote pamoja kwa nguvu yake kamili. Tumbo tupu ndilo bora, lakini dawa inayomezwa na uji mwepesi ni bora kuliko inayotapikwa. Wengine huhamishia dozi usiku, wakameza na kulala zao. Mwambie muuguzi wako kwanza, na kila ukitapika muda mfupi baada ya kumeza mjulishe, aamue kama urudie.

Ila nikuulize: hamu ya kula ipo? Kichefuchefu cha nusu saa baada ya vidonge ni kero. Kichefuchefu cha kutwa nzima, mwili kuchoka, maumivu chini ya mbavu za kulia, ngozi kuwasha, hiyo ni habari nyingine. Simama mlangoni penye mwanga wa jua, mtu akuvute chini kope la jicho, aangalie weupe wake. Ukiwa na unjano, au mkojo umeacha ukaroti na kuwa kama chai ya rangi iliyokolea, ini linaumia. Hapo usimeze dozi inayofuata, nenda kituoni siku hiyohiyo. Watapima damu, watasimamisha dawa, na ini likitulia watazirudisha moja baada ya nyingine ili wajue ipi mkorofi. Pirazinamidi, isoniazidi na rifampisini zote huweza kuliumiza ini, ndiyo maana pombe haina nafasi miezi hii. Na ile chupa ya mitishamba "ya kusafisha damu" aliyokuletea shangazi, ambayo hukuiandika kwenye barua lakini naijua ipo, iweke mbali.

Mwezi wa tatu sasa, nyayo zinawaka moto usiku. Juzi kandambili ilinivuka njiani nisijue. Nina kisukari. (Mstaafu, Morogoro)

Shikamoo mzee. Isoniazidi hulinyima mwili vitamini B6, na mishipa ya fahamu ya miguuni ndiyo hulia mapema. Tiba yake ni kidonge kidogo kiitwacho piridoksini. Mwenye kisukari, mjamzito, anayeishi na VVU na mnywaji walitakiwa kukipata tangu siku ya kwanza, kwa hiyo kaulize bila kuona aibu kwa nini wewe hukupewa. Sukari nayo ipimwe, kwa sababu inaweza kuwasha nyayo peke yake, na rifampisini hupunguza nguvu ya baadhi ya vidonge vya sukari, glibenklamidi kikiwamo. Miguu usiikande kwa maji ya moto: wewe hutasikia, ngozi itaungua. Jioni mwite mjukuu na tochi, akukague nyayo.

Nikila jodari uso unawaka, kichwa kinagonga, moyo unakimbia. Kabla ya dawa sikuwa hivi. (Mvuvi, Kilwa)

Swali hili nimelipenda, maana wengi hudhani wamerogwa. Jodari na jamii yake wakikaa juani hujaa histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio, na kupika hakuiondoi. Mwili una kimeng'enya cha kuivunja, isoniazidi hukizuia. Mpaka umalize dozi kula changu, tena wa leo. Samaki aliyelala unamtambua kuliko mimi. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, kimbia hospitali.

Nina kijiti cha uzazi wa mpango mkononi. Kinatosha? (Dada, Dodoma)

Usikitegemee peke yake. Rifampisini hupunguza nguvu ya vidonge na ya kijiti. Kitanzi hakiguswi. Ongeza kondomu, uendelee nazo mwezi mmoja baada ya kumaliza dawa.

Taa nyekundu ya barabarani naiona imepauka. (Dereva wa lori, Mombasa)

Egesha lori. Hii inaweza kuwa ethambutoli, nyingine katika zile dawa nne, ambayo hugusa mshipa wa fahamu wa jicho na mara nyingi huanza kwa kuiba rangi nyekundu na kijani. Ziba jicho moja, soma tarehe za kalenda ukutani, kisha ziba la pili. Ila hata ukizisoma zote, kaonwe. Ikigunduliwa mapema na dawa hiyo ikasimamishwa, macho kwa kawaida hurudi. Usimeze dozi ya kesho kabla hujaonwa, na safari hiyo mpe mwenzako.