Umekwama kwenye Ficciones ya Borges? Usianze na hadithi ya kwanza

Mkuu, umesema umenunua Ficciones, mkusanyiko wa hadithi fupi za Borges, mwandishi wa Argentina, kwa tafsiri ya Kiingereza, umeisoma "Tlön, Uqbar, Orbis Tertius" mara mbili hujaambulia kitu, na sasa unauliza kama uendelee au umpe mtu mwingine. Usimpe mtu. Iruke tu hiyo, utairudia mwisho. Mimi nafundisha hesabu sekondari, fasihi sikuisomea, kwa hiyo nakujibu kama msomaji wa kawaida aliyekipenda hiki kitabu.

Kwanza, hakuna kinachokulazimisha kufuata mpangilio. Sehemu ya kwanza ilitoka Buenos Aires mwaka 1941 kama kitabu kinachojitegemea, ya pili ikaongezwa mwaka 1944 ndipo jina Ficciones likapatikana, na hadithi tatu za mwisho zikaingia mwaka 1956. Kila hadithi ina dunia yake.

Anza na ile ya muujiza wa siri. Hladík, mwandishi wa tamthilia wa Prague, amekamatwa na Wanazi Machi 1939, na atapigwa risasi tarehe 29 saa tatu asubuhi. Usiku anamwomba Mungu mwaka mmoja tu amalizie tamthilia yake. Asubuhi anasimamishwa ukutani, bunduki zimeelekezwa kwake, na ghafla dunia nzima inasimama. Tone la mvua limetulia shavuni, moshi wa sigara aliyoitupa hautawanyiki, askari wameganda. Mwaka anao, ila kalamu hana, karatasi hana, hata kidole hawezi kukisogeza. Anatunga kichwani, anafuta kichwani, anarekebisha kichwani. Akipata neno la mwisho, tone linateremka. Saa tatu na dakika mbili amekufa, na hakuna mtu atakayeisoma kazi ile.

Juu ya hadithi hiyo Borges ameweka aya ya Kurani, ya mtu aliyefishwa miaka mia, akafufuliwa, akaulizwa amekaa muda gani, akajibu siku moja au sehemu ya siku. Kitabuni imeandikwa sura ya 2, aya ya 261. Kwenye misahafu yetu utaikuta 259. Waliopita madrasa wanakijua kisa hiki, wengi tulisimuliwa kuwa ni Uzeir na punda wake. Angalia alivyokigeuza: kule miaka mia inaonekana kama siku, huku dakika mbili zinabeba mwaka. Mimi hapo ndipo niliponasa.

Kisha nenda kwa Funes, kijana wa Fray Bentos, Uruguay, aliyeangushwa na farasi akabaki kitandani na kumbukumbu isiyosahau chochote. Akitaka kuikumbuka siku nzima, inamchukua siku nzima. Anakerwa kwamba mbwa wa saa tisa na dakika kumi na nne, aliyeonekana kwa ubavu, anaitwa jina moja na mbwa wa dakika moja baadaye aliyeonekana kwa mbele. Amebuni hata hesabu yake: badala ya 7013 anasema Máximo Pérez, kila namba na jina lake. Nimewahi kuwasimulia wanafunzi wangu hilo wakati wa kufundisha thamani ya nafasi ya tarakimu, wakacheka, halafu mmoja akauliza: sasa huyo atajumlishaje? Ndiyo hoja yenyewe. Anayekumbuka kila kitu hawezi kufikiri, maana kufikiri kunataka usahau tofauti.

Hadithi ya Maktaba ya Babeli usiiogope, chukua kikokotoo. Kila kitabu kina kurasa 410, kila ukurasa mistari 40, kila mstari herufi kama 80, na alama zote ni 25. Hiyo ni 25 kwa kipeo cha 1,312,000, yaani namba yenye tarakimu zaidi ya milioni 1.8 ukitaka kuiandika. Humo kuna kila kitabu kinachowezekana, pamoja na maelezo ya kweli ya kifo chako na maelfu ya uongo yanayofanana nayo. Wakutubi wanajiua. Nilipoifanyia hesabu ndipo nikaelewa kwa nini.

Hadithi ya Bahati nasibu ya Babiloni ni fupi, na kama wewe ni mtu wa mikeka itakuuma: watu wanachoka kushinda pesa tu, wanataka na kura za hasara, faini, jela, mwisho kila tukio la maisha ni kura na hakuna anayejua anayezichezesha. Hadithi ya Pierre Menard, mtu anayetaka kuiandika upya Don Quixote neno kwa neno, weka kando mpaka uwe umeionja kidogo hiyo riwaya ya Cervantes wa Hispania, la sivyo mzaha wote utakupita.

Ukirudi kwa Tlön, usihangaike kutafuta kila jina mtandaoni. Bioy Casares ni mtu wa kweli, rafiki yake Borges; nchi ya Uqbar haipo. Borges amechanganya ya kweli na ya kubuni makusudi, kwa sauti ya mhariri wa ensaiklopidia, kwa sababu aliona ni upuuzi kuandika kurasa mia tano za wazo linaloelezeka kwa dakika chache, bora ujifanye kitabu kipo tayari na wewe unakihakiki. Isome kama taarifa ya gazeti, na ile nyongeza ya mwisho yenye tarehe ya 1947 angalia vizuri: hadithi ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1940.