Maswali yenu kuhusu vituo vya watoto: nani anasajili, nani anakagua

Wiki hii nimechagua barua zinazohusu watoto wadogo, wale ambao bado hawawezi kueleza wenyewe siku yao ilivyokwenda.

*Nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Naondoka alfajiri, na mwanangu wa miaka miwili namwacha kwa mama jirani pamoja na watoto wengine tisa. Namlipa kila siku. Nimesikia ni kosa. Kweli?*

Hapana dada, huna kosa kutafuta mtu wa kukulelea mtoto. Ila anayepokea watoto wa watu kila siku kwa malipo anafanya kazi ya kituo, hata kama anaifanyia sebuleni kwake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe na Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na usimamizi wa karibu ni wa halmashauri. Kwa Kirumba, hiyo ni Manispaa ya Ilemela.

Nakuomba usianze na kumshtaki. Mkifunga sebule ile, watoto kumi mtawapeleka wapi kesho alfajiri? Nenda naye kwa Afisa Ustawi wa Jamii, aulize anatakiwa kurekebisha nini. Wakati huohuo, pita siku moja saa nne asubuhi bila kutoa taarifa. Jiko la mkaa liko wapi? Ndoo za maji zimefunikwa? Mlango una kizuizi, au mtoto anatoka tu akateremka hadi ziwani? Na mama akienda chooni, nani anabaki na watoto?

Hilo la ziwa nalisisitiza. Mtoto wa miaka miwili huzama kwenye maji kidogo tu, kimyakimya, wakati wakubwa wana shughuli. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuzuia watoto kuzama, na mojawapo ya hatua linazopendekeza ni hii hasa: wasioanza shule wawe na mahali pa kulelewa chini ya uangalizi. Huko Bangladesh, nchi ya mito na madimbwi, vituo vya vijijini vya saa za asubuhi vimeokoa maisha ya watoto. Sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria tungepaswa kuviona vituo kama tunavyoviona visima na zahanati, mambo ya lazima.

*Kituo cha mtaani kwetu Igoma kina cheti cha Ustawi wa Jamii, lakini mwalimu anasema mwanangu akimaliza hapo anaingia moja kwa moja darasa la kwanza. Ni sahihi?*

Cheti hicho ni cha malezi. Darasa la awali ni sehemu ya shule, na shule husajiliwa na Wizara ya Elimu. Kwa sera ya elimu ya sasa, mtoto husoma awali mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza, na katika shule za serikali hakuna ada. Muulize mwalimu namba ya usajili wa shule. Kama hana, mwandikishe mtoto awali kwenye shule iliyosajiliwa. Ukifika huko, hesabu watoto darasani: kiwango kinachotakiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25.

*Nataka kufungua kituo Buhongwa. Nianze kupaka rangi na kuchora wanyama ukutani, vibali vifuate?*

Usianze na rangi. Anza ofisi ya ustawi wa jamii ya Jiji la Mwanza, uelezwe masharti kabla hujatumia hela. Nyumba itatazamwa kwa usalama na usafi, kwa hiyo fikiria kwanza vyoo vinavyolingana na miguu mifupi, maji ya kunawa, uzio, na mlango wa pili wa kutokea moto ukizuka. Tafuta pia walezi waliosomea malezi. Tembo wa ukutani atasubiri.

*Mwanangu wa miaka mitatu amerudi na alama za fimbo mapajani. Mwenye kituo anasema ni nidhamu.*

Pole sana mama. Hiyo si nidhamu. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto kinasema adhabu haihalalishiki kama mtoto, kwa udogo wake, hawezi kuelewa lengo lake. Wa miaka mitatu ataelewa nini zaidi ya maumivu? Mpeleke atibiwe, piga picha za alama hizo, kisha nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi na umjulishe Afisa Ustawi. Ukishindwa kutoka nyumbani, piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto. Na usimrudishe pale, hata kama umelipa mwezi mzima.

*Mimi ni mvuvi Ukerewe. Naweza kumpeleka binti yangu wa miaka mitano bweni Mwanza mjini?*

Hapana, kaka. Tangu Machi 2023 Serikali imezuia bweni kwa wanafunzi walio chini ya darasa la tano, isipokuwa kwa kibali maalumu. Shule ikikwambia nafasi ipo, omba uone kibali hicho kwa macho yako. Kama una shangazi au bibi anayeishi Nansio, hukohuko Ukerewe, binti akae naye na asome awali shule ya karibu, nawe umwone kila unaporudi kutoka majini.