Kusingwa au kuchuliwa: bega langu lilinifundisha tofauti

Mimi ni fundi cherehani, nashona magauni hapa Dar es Salaam mwaka wa 14 sasa. Bega langu la kushoto lilianza kuuma kidogo kidogo: kwanza jioni nikifunga duka, baadaye mchana, mwisho nikawa siwezi kumtazama mteja anayeingia bila kugeuza mwili mzima. Rafiki yangu akaniambia, "Dada, nenda masaji." Sikuuliza masaji gani, na hapo nikapoteza miezi mitatu na pesa.

Nilikwenda saluni moja yenye chumba cha nyuma. Taa hafifu, mafuta ya nazi yenye mchaichai, mikono inayoteleza kutoka kiunoni hadi shingoni. Nikalala usingizi. Nilitoka mwepesi, lakini siku ya tatu bega lilikuwa palepale. Nikarudi, nikarudi tena. Yule dada hakukosea: kazi yake ni kuutuliza mwili, na aliutuliza. Nilimpelekea shida isiyokuwa yake.

Kiswahili kilishayatenganisha mambo haya zamani. Pwani bibi harusi husingwa kwa liwa, ule unga wa mti wenye harufu nzuri, na mikono laini, ngozi ing'are na moyo utulie. Mwenye msuli uliokaza huchuliwa, na huuma meno. Neno masaji limekuja likayafunika yote mawili, ndiyo maana ukiingia mahali ukasema "nataka masaji" tu, unapewa kilichopo.

Masaji ya tiba nilikutana nayo kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya misuli na viungo kwa mikono na mazoezi. Robo saa ya mwanzo hakunigusa. Aliuliza nalalia upande gani, nakaa kwenye cherehani saa ngapi, nimewahi kuanguka, natumia dawa gani. Akanisimamisha ninyanyue mikono yote miwili. Wa kushoto ukagoma njiani. Kisha kidole gumba chake kikatembea juu ya kombe la bega, kwenye ule mnofu unaopanda shingoni, kikakuta fundo gumu kama kunde. Alipolikandamiza, maumivu yalipanda mpaka kwenye panja. Nilishtuka, kwa sababu ni maumivu niliyoyajua: miezi yote ile nilikuwa nameza dawa za kichwa, kumbe yanatoka begani.

"Kama kumi ndiyo usiyoweza kuvumilia, hapa ni ngapi?" akaniuliza. Nikasema saba. Akashikilia hapo, taratibu, mpaka ikawa nne. Kesho yake nilikuwa kama mtu aliyelima. Uchungu wa namna hiyo huisha kwa siku moja au mbili. Ukizidi hapo, au mkono ukianza ganzi, rudi useme. Wako wanaoamini kwamba usipolia hujatibiwa. Si kweli. Ukikaza mwili kwa maumivu, msuli nao unakaza.

Na kuchua peke yake kusingetosha. Alitaka kujua meza yangu ina urefu gani. Nikaipandisha juu ya matofali ili nisiinamishe shingo, na sasa husimama kila baada ya nusu saa nikazungusha mabega.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, jiulize: naweza kuonyesha kwa kidole panapouma? Kuna jambo nilikuwa nafanya, kama kufunga kitenge au kuanika nguo, ambalo sasa siliwezi? Kama ndiyo, tafuta tiba. Kama mwili mzima umechoka, usingizi hauji, mawazo yamejaa, basi masaji ya kupumzisha ndiyo yako, na usiione kama anasa. Anayekupandisha kitandani akuchue kwa nguvu bila kukuuliza hata swali moja, shuka uvae viatu.

Kuna nyakati masaji yoyote, ya tiba au ya kupumzisha, hayafai kwanza. Ndugu yangu alishuka basi kutoka Mwanza mguu mmoja umevimba kwenye shavu la mguu, wa moto, unauma. Nyumbani wakashika chupa ya dawa ya kuchua. Nikakataa kabisa, tukaenda hospitali. Ilikuwa damu imeganda ndani ya mshipa. Bonge la namna hiyo likichomoka linaweza kufika kwenye mapafu na kuua. Vilevile mgongo unaouma pamoja na homa, au baada ya ajali, au miguu inayoishiwa nguvu na mkojo usiozuilika: huyo ni wa daktari, tena siku hiyohiyo. Mjamzito amweleze mkandaji mapema. Na wale vijana wa kinyozi wanaokushika kidevu na kukuzungusha shingo mpaka ilie, waambie hapana. Kwenye shingo hupita mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo.

Saluni ile sikuiacha. Wiki ya kuelekea Idi nashona mpaka saa nane usiku, na bega siku hizi halisumbui. Kinachokuwa kimechoka ni mimi mzima. Idi iliyopita, gauni la mwisho lilipochukuliwa, nilifunga duka nikaenda. Yule dada akaniuliza, "Leo bega vipi?" Nikamwambia bega zima, leo nimekuja kulala.