Uliza, Tukujibu: Peke yako Ulaya kwa pikipiki

SWALI: Naomba ushauri wenu. Ninataka kuondoka Munich mwanzoni mwa Mei, nivuke Stelvio, njia ya juu ya milima ya Alps kule Italia, nishuke Balkani, kisha nipande barabara ya milimani ya Transfăgărășan kule Romania. Nina wiki tano na nimepanga kilomita 450 kwa siku. Nitaweza?

JIBU: Kwa ratiba hiyo hutaweza, ndugu msomaji. Mwezi haufai, na kilomita ni nyingi mno. Stelvio iko mita 2,757 juu ya usawa wa bahari, na kwa kawaida hufunguliwa mwishoni mwa Mei au Juni, theluji ikishaondolewa. Sehemu ya juu ya Transfăgărășan, mita 2,042, huchelewa zaidi: mara nyingi ni karibu na Julai. Ukiondoka Mei utakuta vizuizi kwenye barabara zote mbili. Ondoka wiki ya tatu ya Juni, anza na Alps, pitia Balkani, na Romania utafika Julai.

Kuhusu kilomita, upande wa kijiji cha Prato pekee Stelvio ina kona kali 48. Barabara za namna hiyo hukupa wastani wa kilomita 40 hadi 45 kwa saa, kwa hiyo kilomita 250 ni saa sita juu ya kiti, kabla hujasimama kujaza mafuta wala kula. Kwenye barabara kuu, kilomita hizo 450 zinawezekana. Milimani usivuke 250, na kila siku ya tano pumzika kabisa. Kwa anayesafiri peke yake hili lina uzito zaidi, maana hakuna mwenzako wa kuona kwamba umeanza kuchelewa kushika breki.

Jambo moja kuhusu kona hizo: Ulaya bara huendesha kulia, hivyo kona za kulia ndizo zinazobana. Wengi huzimikiwa na injini katikati ya kona na kuangusha pikipiki, kwa sababu wameingia na gia kubwa huku wakitazama tairi la mbele. Badili gia kabla ya kona, kaa upande wa nje wa njia yako, geuza kichwa utazame kona inakoishia, ndipo uingie.

SWALI: Tairi langu la nyuma lina kilomita 5,000 tu. Nibadilishe? Na vifaa gani nibebe?

JIBU: Badilisha kabla ya kuondoka. Safari ya wiki tano hufika kilomita 7,000 kirahisi, na tairi la nyuma la pikipiki ya safari ndefu yenye mzigo mara nyingi huisha kati ya kilomita 8,000 na 12,000. Ukianza na lililokwisha tumika, litakuishia mahali ambapo saizi yako huenda ikaagizwa kwanza.

Jaza upepo kama kitabu cha pikipiki kinavyoagiza kwa mzigo kamili, na upime asubuhi tairi likiwa baridi. Upepo ukipungua tairi hujikunja na kupata joto, na huisha upesi.

Cheni ndiyo husahaulika zaidi. Ipake mafuta kila kilomita 500, na kila baada ya mvua, jioni ingali na joto, upande wa ndani unaogusa sproketi. Pima ulegevu wake sehemu kadhaa huku ukizungusha gurudumu, kwani cheni hailegei sawasawa. Rekebisha kwa kufuata sehemu iliyobana zaidi. Ukiikaza kupita kiasi, pikipiki iliyobeba mzigo itaivuta cheni hadi iharibu beringi ya shafti inayotoka kwenye gia.

Beba kamba za kuzibia pancha pamoja na pampu ndogo ya umeme ikiwa tairi halina tyubu. Likiwa na tyubu, chukua tyubu mbili na vyuma vitatu vya kutolea tairi, na ujizoeze nyumbani. Ongeza spana ya ekseli ya nyuma, fyuzi, waya wa klachi na kiungo cha cheni. Vitu vizito viweke chini na karibu na kiti. Sanduku la nyuma likizidi uzito, usukani hutikisika kwenye mwendo mkubwa.

SWALI: Karatasi zipi husumbua watu?

JIBU: Bima kwanza. Kwenye kadi ya kijani, yaani cheti cha bima ya kuvuka mipaka, nchi ambayo herufi zake zimekatwa haimo katika bima yako. Kosovo haimo katika mfumo huo. Bima yake hununuliwa mpakani. Kwa mgeni anayeruhusiwa siku 90 tu ndani ya kila siku 180 katika Schengen, eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi mipakani mwao, Kroatia imo tangu 2023, na Romania na Bulgaria zimo kikamilifu tangu Januari 1, 2025, kwa hiyo siku za huko sasa zinahesabiwa. Serbia, Bosnia na Albania bado ziko nje.

Pikipiki hulipia stika ya barabara kuu Austria, Uswisi, Slovenia na Hungaria; Ujerumani na Romania hailipi. Uswisi huuza ya mwaka tu, faranga 40. Ukipita Tyrol, kule Austria, tazama kipengele U.1, kinachoonyesha kelele yake, kwenye kadi ya usajili ya pikipiki: tangu 2020, baadhi ya barabara za wilaya ya Reutte hufungwa msimu wa joto kwa pikipiki zenye kelele inayozidi desibeli 95, hata kama ekzosi ni ya kiwandani.